Gari la Alhamisi

Baba yangu alizika watu kwa miaka thelathini, na aliwazika vizuri. Simaanishi kwamba alichimba makaburi; kazi hiyo aliwaachia wenye migongo yao. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya ukoo wetu hapa Uriri, cheo kisicho na uchaguzi wala muda wa kumalizika. Mtu akikata roho asubuhi, kufikia adhuhuri Baba alikuwa anajua tenti itatoka wapi, ng'ombe gani atachinjwa, nani atapika, na mchungaji yupi asikabidhiwe kipaza sauti kabla watu hawajala.

Mimi ni bintiye, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Niliolewa, nikarudi nyumbani, jambo ambalo ukoo ulilijadili mpaka ukachoka. Hatimaye walinikubali kwa sababu nilikuwa na kazi: mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu wote. Nimewageuza walevi wakawa watu wachangamfu, na wachoyo wakawa watu wenye nidhamu. Baba alikuwa akisoma rasimu, ananirudishia na kusema niongeze upole kidogo.

Ajali yake ilimpata kazini. Tulikuwa tumemzika jirani, tenti inashushwa, nguzo ya chuma ikateleza ikamgonga kichwani juu ya sikio la kushoto. Hakuanguka. Aliwakemea waliokuwa wakishusha tenti, akavaa kofia yake, akaendelea kusimamia upakiaji wa viti. Damu haikutoka, na kwetu kitu kisichotoa damu si jeraha.

Mwezi mmoja baadaye alianza kulalamika kichwa asubuhi. Kisha mguu wa kulia ukawa unaburura, kandambili ikabaki njiani yeye akaendelea bila habari. Siku moja nilimkuta ameivisha chupa ya chai kofia yake. Haya yote niliyachukulia kama uzee, mpaka jioni moja aliponiuliza jina la mtu tuliyemzika miaka mitano iliyopita. Baba hajawahi kusahau marehemu hata mmoja. Hapo niliogopa kwelikweli.

Majirani hawakuwa wachoyo wa ushauri. Mmoja alisema ni malaria, mwingine akasema ni presha, na mwenye duka la dawa pale sokoni, baada ya kumtazama Baba kwa makini kutoka ng'ambo ya kaunta, alimpa dawa ya minyoo. Shangazi yangu alisema ni chira, ile laana inayomla mtu aliyevunja mila, na alipolitaja neno hilo alinitazama mimi. Nilimjibu kwamba kama kurudi nyumbani kwangu kungeua mtu, kungeanza na yeye. Hatukusemezana wiki nzima, na ile wiki ilikuwa ya amani.

Nilimpeleka hospitali moja upande wa Migori. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza kama mzee aligongwa kichwa. Picha ya skani ilipotoka alinionyesha kivuli kilichopinda kama mwezi mwandamo, ndani ya fuvu, upande wa kushoto. Alisema ni damu. Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo tangu siku ile ya tenti, sasa imejaa na inausukuma ubongo. Dawa yake ni kutoboa fuvu matundu mawili na kuiacha itoke, kazi isiyozidi saa moja.

Nilimuuliza nani wa kutoboa. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Kwetu mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo hayuko. Kuna mmoja anayefika hospitali moja ya Homa Bay mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, na bahati yetu ni kwamba Alhamisi yenyewe ilikuwa wiki hiyo. Kisumu nako kulikuwa na foleni ambayo hakutaka hata kunieleza urefu wake.

"Afike kabla ya saa sita mchana, atarudi akitembea," alisema. "Asipofanyiwa hiyo Alhamisi, mwalimu, tutampoteza."

Ilikuwa Jumatatu. Baba alilazwa pale kungoja ambulensi ya kumhamisha, nami nikampigia simu makamu mwenyekiti wa kamati, binamu yetu mwenye bucha, nikamweleza maneno ya daktari yalivyokuwa. Nilisikia akitafuta kalamu. Kisha akasema, "Alhamisi," kwa sauti ya mtu anayeandika, akakata simu.

Sasa nieleze habari za ambulensi. Ili mgonjwa apande ambulensi, sharti iwepo barua. Jumanne barua ilichapwa, lakini muhuri ulikuwa ndani ya kabati na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Jumatano muhuri ulipatikana, barua ikagongwa, ikatiwa saini, ikanakiliwa, ikawa barua nzuri ambayo hata mimi nisingeisahihisha. Ilisema mgonjwa asafirishwe kwa haraka. Siku hiyo Baba hakuamka kula. Nilimwita mara tatu, akafungua jicho moja, akalifunga tena kama mtu aliyeona kisichomhusu.

Alhamisi asubuhi na mapema nilikwenda kwa msimamizi wa magari, barua mkononi. Alikuwa akinywa chai. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaisifu, halafu akaniambia ambulensi imetoka. Imekwenda wapi? Imewapeleka wakubwa kwenye semina ya siku tatu. Semina ya nini? Hapo alitazama karatasi ukutani ili asikosee.

"Ni ya kuharakisha usafirishaji wa wagonjwa wa kichwa na uti wa mgongo," alisema. "Iko hoteli fulani huko Homa Bay, kando ya ziwa."

Nilimwomba arudie, naye akarudia kwa adabu. Nilimuuliza kwa nini, ikiwa gari lilikuwa linakwenda hukohuko Homa Bay, hawakumpakia mzee wangu.

"Madam, nafasi haikuwa. Ilikuwa imebeba viti na banner."

Alinishauri nisikasirike, kwa kuwa mwisho wa semina kungekuwa na maazimio. Mimi nilikuwa nimeshakasirika tangu Jumanne. Nilimwambia maneno ambayo mwanafunzi wangu akiyaandika namwita mzazi wake. Nikatoka nje nikiwa sijui la kufanya, saa yangu inaonyesha saa tatu kamili.

Ndipo likaingia gari la maiti.

Lilikuwa refu, jeupe, limeoshwa mpaka linang'aa, na dereva wake amevaa tai. Kando yake alikaa makamu mwenyekiti ndani ya suti nyeusi, na nyuma walifuata waendesha bodaboda wawili. Walikuwa wamefika kwa wakati, sekunde haikupotea. Makamu alishuka, akanipa mkono wa pole kwa mikono miwili, akaingia wodini na kumtazama Baba. Baba alikuwa anapumua. Makamu akatazama saa yake, kisha akanigeukia.

"Bado?" aliniuliza kwa upole.

Ilibidi niketi. Akanieleza bila aibu hata chembe: daktari si alisema Alhamisi? Magari ya maiti huadimika Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu mazishi ni Jumamosi na kila mtu anatoa mtu wake mochari. Asiyewahi analiwa na wenzake. Kwa hiyo aliwahi. Tenti ilikuwa tayari, wapishi walikuwa tayari, na fulana zenye picha ya Baba zilikuwa zimechapishwa, maandishi yake "Pumzika, Mwenyekiti". Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa na alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amelala pale kitandani.

Nilitaka kumrukia. Nilikuwa nimeshanyanyuka kabisa, nikamtazama yeye, nikalitazama lile gari kupitia dirishani, nikasikia mdomo wangu ukiuliza jambo jingine.

"Lina mafuta?"

"Full tank," akasema. "Mpaka ya kurudi."

Muuguzi mmoja alikubali kutusindikiza. Alipanda akifanya ishara ya msalaba, ameshika chupa ya maji ya mshipa juu kwa mkono mwingine. Tulitandika magodoro mawili juu ya lile bati wanapowekwa marehemu, tukamlaza Baba, nami nikaketi kichwani pake. Dereva ndiye aliyesitasita. Alisema ana miaka kumi na mbili katika kazi hiyo na hajawahi kubeba mtu anayeweza kulalamika. Nilimwambia aendeshe, malalamiko yote nitayapokea mimi.

Nimepanda ambulensi mara mbili maishani, king'ora kikilia, na hakuna aliyetupisha. Siku ile dunia nzima ilitupisha. Malori ya miwa pale Awendo yalisogea pembeni. Rongo, wanaume walivua kofia na wanawake waliweka mikono kichwani. Kwenye kizuizi cha polisi, askari waliondoa vyuma vyao bila kuuliza leseni wala jina, na mmoja wao alipiga saluti. Tulipopita Rodi Kopany, kundi la waendesha bodaboda wasiotujua waliwasha taa, wakajipanga mbele yetu na kupiga honi, wanatusafishia njia kama tumebeba mheshimiwa. Nililia njia nzima kwa hasira. Nchi yangu ilijua kupisha, ila ilikuwa inangoja ufe kwanza.

Zile honi zilimwamsha Baba. Alifungua macho, akasikiliza kidogo.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Siku mbili nzima hakuwa amesema neno linaloeleweka. Nilimwambia hakuna aliyekufa. Alitazama dari la gari, akalitambua, maana alikuwa amelikodi mara nyingi.

"Mbona hawajafunga matawi?"

Kwetu gari la maiti hufungwa matawi mabichi mbele. Nilimjibu kwamba ni msiba mdogo, Baba, hauhitaji matawi. "Hata kama," akasema. "Mtu ni mtu." Akalala tena.

Tulifika saa tano kasoro robo. Bawabu wa hospitali alivua kofia na kutuelekeza moja kwa moja nyuma, mochari, na dereva kwa mazoea akaenda. Mhudumu wa pale alikuwa ameshafungua rejista na kalamu iko mkononi. Alipofunua shuka, Baba alimkamata kidole. Yule mtu hakushtuka. Alionekana tu kama aliyeletewa mzigo wa ofisi nyingine. "Huyu anapumua," alisema, akafunga rejista yake, na akatusaidia kumsukuma Baba juu ya toroli la maiti, uani mzima, mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Mpasuaji alikuwa mwanamke kijana, amevaa raba. Hakuuliza tumekuja na gari gani. Aliitazama picha, akamtazama Baba, akasema tumefika ukingoni lakini tumefika. Baadaye muuguzi alinisimulia kwamba ile mashine ya umeme ya kutobolea fuvu, waliyoletewa na wafadhili, ilikuwa bado ndani ya sanduku kwa sababu plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo daktari alitumia keke ya mkono, kama fundi seremala. Ilitoka damu nyeusi kama oili iliyotumika. Baada ya hapo ubongo wenyewe ulinyanyuka na kurudi mahali pake.

Asubuhi yake Baba alifungua macho, akaniuliza kiatu chake cha kulia kiko wapi. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mguu ule uliokuwa umekufa. Nilipiga magoti sakafuni nikakitafuta kile kiatu chini ya kitanda huku nikijua hakipo, kwa sababu sikutaka anione ninavyolia.

Kitanda cha pili alilala fundi mwashi kutoka Mbita, kijana wa miaka thelathini hivi. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ukuta wa ghorofa ya kwanza. Wenzake walimwinua, wakampakia kwenye pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma, yeye katikati, na kila shimo la barabara lilimalizia kazi ambayo ukuta uliianza. Daktari alikuwa amemwambia ukweli: uti wa mgongo ulivunjika alipoanguka, lakini ulikatika njiani. Angeletwa amelazwa kwenye ubao, pengine angetembea.

Baba, kichwa kimefungwa bendeji, mrija unaning'inia nyuma ya sikio, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama mtu anayejaza fomu.

"Na ungekufa, wangekubeba na nini?"

Yule fundi alifikiri. "Gari, mzee. Na wangefunga godoro, jeneza isigongegonge." Akacheka, nasi tukacheka. Halafu akaufunika uso wake kwa shuka.

Tulirudi Uriri baada ya wiki. Zile fulana Baba aliagiza zigawanywe zisiharibike, na yake aliivaa kupalilia sukuma wiki, ile picha yake mwenyewe kifuani na maneno ya kumtaka apumzike. Akaita mkutano wa kamati. Alipendekeza kwamba kuanzia siku hiyo watu wakutane mtu anapoumia, wasingoje afe. Gari liwepo, dereva awepo, na ubao wa kumlaza. Wajumbe wote waliafiki, wakaomba, wakanywa chai.

Miezi miwili baadaye mama mmoja jirani aliteleza akishuka na mtungi, akaanguka chali, akawa hawezi kusogeza miguu. Baba aliwapigia simu wajumbe wote, mmoja mmoja, akawaeleza. Walisikitika sana. Aliyekuja alikuwa mmoja, na alileta ndizi. Wengine walisema watafika wikendi kumwona. Nilimwona Baba ameketi na simu yake pajani, ametulia kwa namna isiyo ya kawaida yake. Kisha akaanza kupiga upya, tangu wa kwanza, kwa ile sauti ya kazini niliyoijua tangu utoto wangu.

"Tumempoteza," aliwaambia. Hakuongeza neno.

Katika muda wa saa moja gari la maiti lilikuwa uani kwake, na wanaume kumi na wanne ndani yake. Walipomkuta mama yule anawatazama, walitaka kuondoka, lakini Baba alikuwa amesimama langoni na fimbo. Aliwaamuru wang'oe mlango wa jikoni kwenye bawaba zake, wamtelezeshe juu yake bila kumkunja, wamfunge kwa leso, wamwekee taulo mbili huku na huku shingoni. Alikuwa ameyajifunza yote kule wodini. Shangazi, aliyekuwa amelia kutoka barabarani mpaka mlangoni, alitaka kujua nani atamrudishia kilio chake. Yule mama sasa anatembea na mkongojo, na anaudai mlango wake.

Baba alidanganya mara tatu kwa jumla. Wagonjwa wote watatu wako hai, na wote walisemwa vibaya kwa kuwa hai, kama watu walioahirisha sherehe. Mara ya kwanza kamati ilikasirika, mara ya pili ilinung'unika, mara ya tatu ilikuja na ubao wake. Makamu mwenyekiti alichonga mmoja wa mbao laini, wenye matundu ya kushikia, akautundika nyuma ya bucha. Dereva wa gari la maiti naye alianza kutembea na godoro. Mpasuaji anaendelea kuja Alhamisi moja kwa mwezi. Ile semina ilitoa maazimio, nayo yamebandikwa ubavuni mwa ambulensi, ambayo mara nyingi nimeiona imepaki. Mimi walinialika kwenye semina ya pili nitoe ushuhuda, wakaniomba nisitaje gari tulilokuja nalo, na sikwenda.

Mwaka jana, Jumapili asubuhi, nilimpelekea Baba uji chini ya dirisha, mahali pake pa kuota jua. Alikuwa na ile fulana. Aliniambia uji una sukari nyingi, akanywa nusu, akaweka kikombe chini taratibu, na moyo wake ukasimama. Kichwa chake hakikuwa na neno. Nilimshika mkono, nikamwita, nikakaa naye kidogo kabla mtu mwingine hajajua.

Kisha nikampigia simu makamu mwenyekiti. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, lile tulilofundishwa sote. "Tumempoteza Mwenyekiti," nilisema.

Walifika kwa dakika kumi na tano. Hakuna aliyelia barabarani. Hawakuja na tenti, hawakuja na sufuria, hawakuvaa suti. Gari liligeuzwa likaangalia lango, mlango wa nyuma ukafunguliwa, godoro limetandikwa, taulo mbili zimekunjwa tayari. Wanaume wanne walishuka mbio wakiwa wameshika ule ubao, na makamu akaja kwangu, jasho linamtoka, amebeba hata kiatu kimoja cha Baba alichokiokota mlangoni ili kisisahaulike.

"Mwalimu," akasema, "Homa Bay ama Kisumu?"

Injini ilikuwa inanguruma. Nikamwambia azime gari.